Vipande Vyote Vimefika

Jumatatu, 9 Machi

Leo maisha yangu yameanza. Yaliyotangulia yalikuwa mazoezi.

Shangazi alituita mimi na Kobe kwenye meza ya chai. Studio nzima ni sisi watatu, tangu mpiga picha wetu alipopata kazi televisheni na kutuachia stendi yenye mguu mbovu na meza tupu ya dirishani. Shangazi ni dada yake baba, kwa hiyo ni bosi wangu mara mbili. Kobe ndiye mhariri wa picha. Jina hilo sikumpa mimi, nimemkuta nalo, ila aliyempa alikuwa na macho.

Habari yenyewe: filamu ya Shangazi imekamilika! Bibi Golini. Miaka mitatu amekuwa akiwafuata wale bibi wanaocheza mpira kila Jumamosi, pamoja na kipa wao, ambaye wajukuu wake peke yao wanatosha timu na wa akiba. Tamasha la filamu linaisubiri. Lazima ifike kwenye hifadhi yao ya wingu kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Ikigonga saa sita, mlango unajifunga wenyewe, na mashine haibembelezwi. Shangazi ameshawaambia bibi wote, na bibi wote wameshawaambia mtaa. Filamu isipofika, amesema, yeye atahama.

Tatizo: faili ni kubwa. Si ukubwa wa kawaida. Ukianza kulinakili kwenye diski unaweza kwenda kusukwa nywele na kurudi.

Kisha Shangazi akatamka maneno ambayo nimeyaandika kiganjani nisiyapoteze: atakayeifikisha filamu ndiye atakayehamia meza ya dirishani.

Meza ya dirishani! Mwanga! Upepo! Mti! Kwa sasa nakaa kando ya mlango wa choo, na kila anayeingia hunisalimu na kila anayetoka huniaga. Nina shahada. Nastahili mti.

Kobe akasema haya. Akafungua ukurasa wa tamasha, akachagua faili, akabonyeza "Pandisha", akakunja mikono. Basi! Ndiyo mbinu yake yote. Mtu mzima, karne hii, anabonyeza kwa kidole! Alasiri umeme ukapepesa mara moja, mashine ya intaneti ikazima na kuwaka, na ukurasa wake ukarudi sifuri. Nilimwambia pole. Nadhani niliisema kwa furaha kupita kiasi.

Nikamtangazia Shangazi kwamba nitaandika programu yangu mwenyewe. Itaitwa Tai. Akauliza, kwani hakuna zilizokwisha kuandikwa? Nikamwambia zipo, ila ni za watu wa kawaida. Akauliza itakuwa tayari lini. Mdomo wangu ukajibu kesho. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nafikiri.

Nyumbani Mama ameniomba jambo moja tu: nisimwaibishe mbele ya wifi yake.

Jumanne, 10 Machi

Asubuhi. Tai amezaliwa. Programu fupi, safi, haina hata mstari wa ziada. Watu wa tamasha walituma mwongozo mrefu wa kupandisha faili kwa programu. Nimeusoma kichwa tu. Miongozo ni ya watu wanaosita.

Nikamwagiza Tai alichukue faili. Akalichukua. Lote! Kwa mkupuo mmoja, akaliingiza kwenye kumbukumbu ya kompyuta isiyoweza kubeba hata robo yake. Kompyuta ikanguruma, ikapata joto, kishale kikaganda, skrini ikawa nyeusi. Kwa bahati mbaya ilikuwa kompyuta ya Kobe. Ina nguvu kuliko yangu, na nilikuwa nimemwomba dakika tano tu.

Nilijua atasema haraka haraka haina baraka. Hakusema. Alisema hata chatu akishameza mbuzi hulala kidogo, tuiache mashine ipumzike, akaenda zake kununua mkate. Afadhali angesema ile methali.

Mchana. Nimeelewa! Faili halimezwi, linakatwa. Sasa Tai analikata vipande, anavituma kimoja kimoja, na kila kipande kikifika kinarudishiwa stakabadhi. Kikianguka kimoja, kinarudiwa hichohicho, vingine vinakaa salama. Nimemwekea pia mstari wa kijani unaojaa kadiri kazi inavyosonga, kwa sababu kazi isiyoonekana haina shukrani.

Baadaye kidogo. MIA KWA MIA! Mstari umejaa mara moja! Kilichomshinda Kobe kutwa nzima, mimi nimekimaliza chai haijapoa! Nilikimbia kwa Shangazi. Akapiga vigelegele kwenye korido. Daktari wa meno wa mlango wa pili akatoka na glavu zake kutupongeza, na mgonjwa wake akatupungia mkono kutoka kitini, mdomo wazi. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini akapaza sauti kuuliza ni harusi ya nani na mbona hajaletewa nguo.

Jioni. Sanduku la tamasha, lile la kupokelea filamu kule winguni, ni tupu.

Nimegundua kisa chake. Mstari wangu wa kijani ulikuwa unapima vipande vilivyosomwa kutoka kwenye diski. Haukupima vilivyotumwa. Ni sawa na kusema umeshafika safari kwa kuwa umeshafunga mizigo. Tai mwenyewe alikuwa bado anahangaika na kipande cha tatu.

Sikumwambia mtu. Shangazi alipouliza mbona haioni filamu yake, nilirekebisha miwani nikasema wingu lina taratibu zake. Akaitikia kwa heshima. Uongo ukivaa miwani hupishwa njia.

Jumatano, 11 Machi

Kimoja kimoja ni ukobe. Nimeamka na wazo: vipande vitoke pamoja! Kwa nini kupanga foleni kwenye mlango mmoja wakati unaweza kufungua milango mia mbili? Nilimfungulia Tai milango mia mbili.

Lo, uzuri ule! Vipande vikiruka kwa makundi! Nilisimama. Nilipiga makofi peke yangu. Kisha jengo zima likawa kimya. Kisha nikasikia miguu kwenye ngazi.

Jengo letu lote linatumia intaneti moja. Nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua kwamba atakufa siku moja.

Wa kwanza kufika alikuwa daktari wa meno. Picha ya jino imegoma kufunguka, na mwenye jino ameshachomwa ganzi, sasa anasubiri nini? Wa pili fundi cherehani, futi shingoni. Alikuwa anamwonyesha mteja vitambaa kwa simu ya video, mteja akaganda amefumba macho na mdomo umepinda. Je, amekubali bei au amekataa? Wengine walisimama tu mlangoni na simu mikononi, wakizielekeza kwangu kama tochi.

Shangazi akauliza kuna nini. Nikasema hali ya hewa. Kobe akaangalia dirishani, akaiangalia mashine ya intaneti, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa anajaribu tena ule ukurasa wake wa kubonyeza, nao ukamfia njiani. Jana pia ulimfia. Yule hana bahati kabisa, maskini.

Daktari wa meno aliniambia kwa upole sana kwamba siku nikiumwa jino, atanikumbuka.

Nimepunguza milango hadi minne. Jengo limepumua. Mstari mpya unapima ukweli, na ukweli unatembea kwa magoti. Jioni nilimwacha Tai akiendelea, nikaifunika kibodi kwa mtandio na kubandika karatasi: USIGUSE. Kobe aliuliza mgonjwa anaendeleaje. Vita haina mzaha.

Alhamisi, 12 Machi

VIPANDE VYOTE VIMEFIKA!

Vyote. Kila kimoja na stakabadhi yake. Nimekagua mwenyewe, nikiwa bado na begi begani. Safari hii sikukimbia. Nilitembea, taratibu, kama mtu anayekwenda kupokea tuzo aliyoizoea. Nikamwambia Shangazi filamu imefika. Hakupiga vigelegele. Alisema ataangalia kwanza. Akafungua sanduku.

Tupu.

Nilikaa sakafuni. Shangazi akaniletea maji, akasema wewe mtoto, kesho ndiyo Ijumaa, kama imekushinda niambie nijue moja. Sauti yake haikuwa ya bosi. Ilikuwa ya mtu ambaye bibi kumi na wawili wanamwamini. Nikamwambia haijanishinda. Nikamwasha Tai aanze upya, kisha nikafikiri.

Nimefikiri kisayansi. Vipande vilifika. Vipande havionekani. Basi kuna mkono wa mtu. Nani mwingine anaitaka meza ya dirishani?

Kobe!

Nikaweka mtego. Nikamzima Tai ili mwizi asishtukie chochote. Nikatangaza kwa sauti kwamba nakwenda duka la dawa. Nikatoka, nikarudi kwa mlango wa nyuma, nikajificha nyuma ya pazia la kupigia picha, lile lenye maporomoko ya maji.

Niliyoyaona: Kobe alibonyeza mara moja. Akakunja mikono. Akala mkate. Akapiga mluzi. Akaitazama skrini kama mtu anayetazama chungu jikoni, bila shida na mtu. Mchana wote! Sijawahi kuona mwizi mvivu namna ile.

Pazia lina vumbi la miaka. Nikapiga chafya. Kobe, bila kugeuka, akasema afya, dada msomi, na kwamba kiti kipo kama maporomoko yamenichosha.

Jioni alifunga kompyuta, akafungua mdomo kama anayetaka kuniambia kitu. Nikampa mgongo. Akanitakia usiku mwema, na alikuwa anatabasamu! Asiye na hatia hutabasamu kwa lipi?

Mama ameuliza mbona nimejaa vumbi. Nimesema kazi.

Ijumaa, 13 Machi

Leo kuna mambo mazuri. Nadhani ni mazuri.

Asubuhi niliufungua ule mwongozo. Si kwa kujifunza. Nilitaka kujua mwizi anawezaje kuchukua vipande, ili nimkabili Kobe nikiwa na ushahidi. Nikausoma wote. Mwishoni kabisa, mahali ambapo hakuna binadamu anayefika, wameandika kwamba vipande vikishafika vyote, lazima mtumaji atoe amri ya kuviunganisha. Mpaka itolewe, vipande vitabaki vimehifadhiwa, lakini sandukuni hakitaonekana kitu.

Amri ya kuviunganisha! Sikuwa nimeitoa! Vipande vyangu vilikuwa vimekaa kule tangu jana kama wajumbe kwenye kikao ambacho mwenyekiti amesahau kukifungua. Wametazamana. Wamekohoa. Hakuna aliyewaambia karibuni.

Nikaandika amri. Mstari mmoja tu! Nikautuma. Nikafungua sanduku.

Bibi Golini. Faili moja. Zima!

Nilikimbia. Niliruka waya, nikapiga teke stendi, nikapiga kelele korido nzima. Shangazi alikuwa anakunywa chai. Akasema anajua.

Anajua?

Tangu jana jioni, akasema. Kobe aliifikisha kwa ule ukurasa wake. Usiku, kwa kompyuta ya Shangazi, wameitazama sandukuni mwanzo hadi mwisho, wamelia wote wawili, wamempigia simu kipa. Kobe akaeleza kwamba jana mchana intaneti ilitulia ghafla, sijui kwa nini, ikapita moja kwa moja bila kukwama. Mimi pia sijui kwa nini. Akasema alitaka kuniambia, ila aliona niko kazini, nyuma ya maporomoko.

Nilitamani sakafu inimeze, kwa vipande au kwa mkupuo, vyovyote.

Ndipo Kobe akainuka. Nasema akainuka, yaani haraka, jambo ambalo sijawahi kuliona. Macho yake yalikuwa kwenye skrini. Saa ya faili lililomo sandukuni haikuwa ya jana jioni. Ilikuwa ya sasa hivi.

Nikaelewa kabla hajasema. Tamasha ndilo lililotupa jina la faili, na mafaili mawili yenye jina moja hayakai sanduku moja. Linalokuja baadaye hulifuta la kwanza. Langu limekuja baadaye. Nakala ya Kobe, nzuri, iliyotazamwa, iliyoliliwa, haipo tena. Iliyopo ni yangu, ambayo hakuna kiumbe aliyeiona hata sekunde moja. Na saa sita ilikuwa inakaribia. Muda wa kupandisha upya haukuwepo, hata kwa ngumi.

Shangazi akaweka kikombe chini. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeosha simu kwa sabuni akitaka kusaidia. Hakupiga kelele. Angepiga ningepumua.

Akasema, ifungueni.

Kobe akaifungua palepale sandukuni. Kiduara kikaanza kuzunguka. Daktari wa meno alikuja kuuliza kelele za nini, akabaki. Fundi cherehani akapanda na suruali ya mtu begani, akabaki. Kiduara kinazunguka. Nilimwahidi Mungu mambo mengi. Nitakuwa mpole. Nitasoma miongozo. Nitamwita Kobe kaka. Kiduara kinazunguka.

Kisha, filimbi! Nyasi! Bibi yuko golini, anatemea glavu zake, anamfokea beki arudi nyuma, ama amekuja uwanjani kuuza sura? Sauti ipo! Kobe akaruka hadi katikati: ipo. Akaruka hadi mwisho: majina yanapanda, na langu lipo, dogo, chini ya la dereva. Imekamilika! Hakuna hata kipande kilichokaa vibaya!

Saa sita ikafika, mlango wa tamasha ukajifunga, na Bibi yumo ndani.

Vigelegele vilivyopigwa siwezi kuviandika. Daktari wa meno alicheza na fundi cherehani. Shangazi alinikumbatia kwa mkono mmoja na kunifinya sikio kwa mwingine, akasema mwanangu, wewe utaniua, lakini nitakufa nikicheka. Kobe alikaa chini, akafuta jasho, akasema inatosha kwa mwaka huu.

Furaha ilipopungua kidogo, nilikumbushia meza. Kwa utulivu. Kwa hoja. Nakala watakayoitazama majaji ni ipi? Ni yangu. Basi ni nani aliyeifikisha? Shangazi akashika kiuno, akamgeukia Kobe. Kobe akasema nipewe tu, yeye hajawahi kuitaka.

Hajawahi kuitaka! Wiki nzima nimepigana na mtu ambaye hakuwepo vitani!

Nimelitafakari hilo njia nzima. Hitimisho langu: anaficha maumivu. Nimeshinda.

Kuhusu ahadi, Mungu anajua nilikuwa na hofu.

Jumatatu, 16 Machi

Nimehamia! Mti! Upepo! Mwanga!

Mwanga mwingi, kwa kweli. Jua linaingia asubuhi na halioni haya kukaa mpaka mchana. Kwenye skrini naona uso wangu tu, nimekunja macho. Nimeandika saa nzima bila kuona, kumbe nilikuwa kwenye sehemu ya ujumbe, na Shangazi amepokea nusu ya programu. Amejibu: Amina.

Jumatano, 18 Machi

Filamu imekubaliwa! Itaonyeshwa ukumbini, kwenye skrini kubwa kama ukuta! Bibi wote walikuja studio wakiwa na jezi, wakapiga penalti kwenye korido, na daktari wa meno akawekwa golini. Kafungwa zote. Kipa aliniuliza kama ndimi niliyempandisha mawinguni kabla ya siku zake. Nikasema ndimi. Alicheka hadi akashika ukuta. Sijawahi kuwa na siku nzuri hivi.

Shangazi, kwa furaha hiyo, sasa anataka filamu zake zote za zamani ziwekwe winguni. Zote, za miaka yote. Akauliza nani atafanya. Kobe alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo. Nikasema mimi, kufikia Ijumaa. Naandika programu mpya kuanzia mwanzo, itaitwa Kimbunga. Milango mia tatu. Mwongozo wa hifadhi hii mpya nimeuchapa wote. Ni mnene sana. Ukiusimamisha dirishani unazuia jua vizuri.

Sehemu inayobaki naizuia kwa mtandio: najifunika mimi na skrini pamoja. Fundi cherehani amepita akauliza mbona najifukiza, nina mafua?

Na ni kutoka chini ya mtandio huo ndipo nilipoiona leo, kwa mara ya kwanza, kona ya Kobe. Giza. Baridi. Skrini yake inang'aa kama maji kisimani. Hakuna jua, hakuna upepo wa kupeperusha karatasi, hakuna mti wa kudondosha majani kwenye kibodi. Ndiyo sehemu bora kuliko zote katika studio hii, na amekaa nayo kimya miaka yote! Ujanja ulioje!

Nimemwambia Shangazi kwamba kazi kubwa kama hii inahitaji kona. Akasema basi muombe mwenyewe, Kobe si mtu wa kunyima. Kumwomba? Mtu mwenye shahada haombi. Hupanga.

Sasa hivi anapiga mluzi, mikono ameikunja, hajui kinachomjia. Kesho naanza kumsifia mti.